Palanpur, kijiji cha ngano na treni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukisoma habari za vijiji vya India kwa muda mrefu, siku moja utakutana na jina Palanpur. Hapa tumejibu maswali yanayoletwa zaidi kuhusu kijiji hicho: watu wake wanaishi kwa kazi gani, na ni nini hasa kimebadilika tangu miaka ya 1950. Majibu mengine ni mafupi, mengine marefu. Tumeandika kadiri jambo lenyewe lilivyo na uzito.

Palanpur hii ndiyo ile ya almasi?

Hapana. Palanpur ya almasi ni mji ulioko jimbo la Gujarat, na kuna wafanyabiashara wakubwa wa almasi wenye asili ya huko. Mkanganyiko unaeleweka. Sisi wa Afrika Mashariki tukisikia "Mhindi" mawazo yanakwenda Gujarat moja kwa moja, kwa sababu wenye maduka wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala asili yao ni huko.

Palanpur tunayoizungumzia ni kijiji kidogo cha wakulima kaskazini mwa India, wilaya ya Moradabad, magharibi mwa jimbo la Uttar Pradesh. Ni nchi tambarare ya bonde la mto Ganga. Hakuna kilima cha kupumzishia macho. Mji wa Chandausi uko kilomita 13 hivi, na Moradabad kama kilomita 31 upande wa pili. Katikati inapita reli, na kijiji kina kituo chake. Kikumbuke hicho kituo, tutakirudia.

Kwa nini kijiji hiki na si kingine?

Kwa sababu kimehesabiwa kuliko pengine kijiji chochote cha India. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Delhi walifika mwaka 1957 na 1958, wakapita nyumba kwa nyumba wakiandika nani ana shamba, nani ana ng'ombe, nani anadaiwa. Wakarudi mwaka 1962 na 1963. Mwaka 1974 wachumi wawili kutoka Uingereza, Christopher Bliss na Nicholas Stern, walikuwa wanatafuta kijiji cha ngano chenye kumbukumbu za nyuma, wakakichagua. Mwaka 1983 na 1984 wachumi Jean Drèze na Naresh Sharma waliishi hapo zaidi ya mwaka mzima. Baadaye ukaja uchunguzi wa 1993, wa 2008 na 2009, na wa 2015.

Kwa hiyo, pale ambapo wengi wetu tunasema "zamani hapa palikuwa hivi" kwa kukisia, kwa Palanpur unaweza kufungua daftari. Mwaka 1957 watu walikuwa 528. Mwaka 2008 na 2009 walikuwa 1,255. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja.

Je, kinawakilisha India nzima? Hapana, na hakuna kijiji kinachoweza. Kerala ni dunia nyingine, Punjab nyingine. Ila kwa wakulima wa ngano wa bonde la Ganga, kinafaa sana.

Ni akina nani wanaoishi hapo?

Kama vijiji vingi vya Uttar Pradesh, watu wamegawanyika kwa jati, yaani ukoo wa kazi na hadhi ambao mtu huzaliwa nao. Matatu ni makubwa kwa idadi.

Thakur ndio waliokuwa wakubwa wa kijiji. Nasaba yao ni ya wapiganaji na wenye ardhi, na kwa desturi kushika jembe kwa mkono wako mwenyewe ilikuwa aibu. Murao ni wakulima hasa, watu wa kuinama shambani toka alfajiri, wanajua mboga, wanajua maji, na hawaoni haya kwa matope. Jatab ndio waliowekwa chini kabisa. Kazi iliyohesabiwa kuwa yao ilikuwa ngozi, na kwa hiyo wakaitwa najisi. Wengi hawakuwa na shamba la maana, wakaishi kwa vibarua.

Wako pia Waislamu, wakiwemo Teli, ambao jina lao linatokana na kazi ya kukamua mafuta. Ni kinu kilekile cha kuzungushwa na mnyama ambacho watu wa Pwani walikijua, ila kwetu mnyama alikuwa ngamia na mbegu ilikuwa ufuta. Kinu kimekwisha, jina limebaki.

Wanalima nini, na kwa msimu upi?

Misimu ni miwili. Kharif huanza na mvua za monsuni, Juni au Julai: uwele, mpunga, mahindi. Rabi ni msimu wa baridi: ngano hupandwa kuanzia mwishoni mwa Oktoba na kuvunwa Machi au Aprili, pamoja na njegere na haradali. Miwa inakaa shambani mwaka mzima. Miaka ya karibuni ukanda huo umejaa pia mnanaa, unaochemshwa kutoa mafuta ya mentoli, na Chandausi ni soko lake kubwa.

Ardhi hupimwa kwa bigha. Bigha ya huko ni ndogo. Inakaribia bigha sita na nusu kufanya ekari moja. Mtu akikuambia ana bigha kumi, usimwone tajiri.

Kuna jambo dogo ambalo mchumi Mmarekani Samuel Bowles aliambiwa na wakulima wa hapo, na kila mkulima wa kwetu atalielewa bila kufundishwa. Wakulima walikuwa wanapanda mazao ya msimu wa baridi kwa kuchelewa, huku wakijua kabisa kwamba kupanda mapema kungeleta mavuno zaidi. Sababu? Ndege. Atakayetangulia kupanda peke yake atalisha ndege wa kijiji kizima. Wote wakipanda siku moja, ndege wanagawana na hasara inakuwa ndogo. Lakini nani aanze? Nimewahi kuona watu wanachora majedwali marefu kueleza umaskini, na hawajafika hapo walipofika hao ndege.

Ni kweli mapinduzi ya kijani, yaani mbegu mpya, mbolea na umwagiliaji, ndiyo yaliyowatoa kwenye umaskini?

Yalisaidia, na sana. Mwaka 1957 karibu nusu tu ya ardhi ilipata maji. Maji yenyewe yalitolewa kisimani kwa gurudumu kubwa lenye mnyororo wa ndoo, likizungushwa na ng'ombe waliofungwa vitambaa machoni wasipate kizunguzungu. Ng'ombe wawili na mtoto wa kuwaswaga kutwa nzima, na umenywesha kipande kidogo tu. Katikati ya miaka ya 1960 India iliingiza mbegu za ngano fupi zilizozalishwa Mexico na timu ya Norman Borlaug. Ngano hiyo haianguki ukiipa mbolea nyingi, ila inataka maji kwa wakati wake. Zikaja pampu za dizeli. Kufikia 1974 karibu shamba lote la Palanpur lilikuwa linamwagiliwa, na kati ya miaka ya 1950 na 1980 mavuno ya ngano kwa bigha yaliongezeka zaidi ya maradufu.

Waliofaidi haraka ni Murao. Walikuwa na ardhi kiasi, nguvu za mikono, na hawakuwa na hadhi ya kulinda. Thakur waliendelea kukodisha au kuuza vipande, na hesabu ya nani mkubwa ikaanza kubadilika bila mtu kupiga kelele.

Hata hivyo, kwa maoni yangu mbegu imepewa sifa kuliko stahili yake. Mbegu ilijaza ghala, lakini aliyekuwa kibarua alibaki kibarua. Kilichovunja mambo ni kazi za nje ya kijiji, na hizo zililetwa na reli.

"Batai" ni nini?

Ni kulima shamba la mwenzako kwa mgao wa nusu kwa nusu. Wapo wanaodhani anayelima kwa nusu lazima awe fukara na mwenye shamba lazima awe bwana mkubwa. Palanpur ya zamani haikuwa hivyo. Jambo kuu lilikuwa ng'ombe wa kulimia. Mwenye jozi ya ng'ombe na vijana wa kiume lakini ardhi kidogo alitafuta shamba la kuongeza. Mjane, au Thakur asiyetaka jembe, au mtu aliyeuza ng'ombe wake, alimpa. Maskini asiye na ng'ombe hakupewa hata hiyo batai.

Trekta na pampu zilipokuja, ng'ombe wakapoteza thamani na mikataba ikabadilika. Aina mbili zimeenea. Moja ni peshgi: unalipa kodi ya shamba taslimu kabla ya kupanda, na hatari yote ni yako. Nyingine ni chauthai, yaani robo: mwenye shamba analipia mbegu, mbolea, maji na trekta, wewe unaleta mikono tu, na mavuno unachukua robo.

Tuchukue mfano. Shamba limetoa magunia kumi na mawili ya ngano. Kwa batai ungebeba sita, baada ya kuchangia gharama. Kwa chauthai unabeba matatu, na hujatoa rupia. Asiye na kitu atachagua matatu, kwa sababu hayo sita yanadai fedha mwezi Novemba na yeye Novemba hana. Kazi hii mara nyingi huangukia familia za Jatab, na ndani yake ni wanawake wanaopalilia. Kwa nje inaitwa ukodishaji. Ukiitazama vizuri ni ajira ya kibarua ambaye mshahara wake ukipotea kwa mvua ya mawe hana pa kudai.

Na hiyo treni?

Tulisema tutairudia. Moradabad inaitwa mji wa shaba ya manjano: vyombo, sinia, taa na mapambo ya shaba iliyochanganywa husafirishwa kutoka hapo kwenda dunia nzima. Karakana zake zinahitaji watu wa kung'arisha shaba kwenye magurudumu ya msasa. Chandausi kuna viwanda vidogo na soko. Pande zote kuna tanuri za matofali. Na mtu wa Palanpur, tofauti na jirani yake wa kijiji kisicho na reli, anaweza kupanda treni asubuhi na kulala kwake usiku.

Miaka ya 1950 waliofanya kazi nje walikuwa wa kuhesabika. Wengine waliajiriwa na reli yenyewe, na kazi ya reli ilikuwa dhahabu: mshahara wa mwezi, pensheni, na heshima ya kutosha kumwoza binti pazuri. Kufikia miaka ya 1980 wengi walikuwa wanakwenda karakana za Moradabad. Leo ni vigumu kupata nyumba isiyo na mtu wa nje: ujenzi, tanuri, udereva, ufundi pikipiki, duka.

Kazi zenyewe hazipendezi. Kwenye gurudumu la msasa vumbi la shaba linaingia kifuani, na kijana anarudi jioni uso mweusi kama mchoma mkaa. Tanuri hufanya kazi miezi ya ukame tu, na malipo huhesabiwa kwa kila matofali elfu moja. Mara nyingi familia huanza msimu ikiwa imeshachukua fedha za mwanzo, kwa hiyo wiki za kwanza inafanya kazi ya kulipa deni. Mume anakanda udongo, mke anapiga kwenye kibao, watoto wanageuza tofali likauke upande wa pili.

Lakini angalia kinachotokea kijijini wakati huo. Thakur anatafuta watu wa kuvuna ngano, na waliozoea kuitwa hawapo, wako Moradabad. Lazima apandishe ujira, au akodi mashine, au aite kwa adabu. Kibarua ambaye baba yake alikaa chini mbele ya kitanda cha mwenye shamba, yeye anasema "nitaangalia kama nina nafasi". Sheria ya kupinga ubaguzi iliandikwa Delhi, lakini kauli hiyo ililetwa na tiketi ya mwezi ya treni.

Basi ni nani aliyebaki nyuma?

Kwa muda mrefu, Jatab. Kazi nzuri za nje zilipatikana kwa kujuana: kaka anamwingiza mdogo wake, mjomba anamwingiza mpwa. Asiye na mtu karakana hakuwa na mlango. Mpaka mwaka 1993 hali ya wengi wao ilikuwa imesogea kidogo sana. Baada ya hapo ndipo ujenzi na tanuri vilipowafungulia njia, na kipato chao kikapanda.

Kuna upande mwingine ambao wenye kusifu maendeleo hupita haraka. Umaskini umepungua, na tofauti za kipato zimekua. Shamba lilipokuwa ndilo kila kitu, ulijua tajiri ni nani na ana bigha ngapi. Sasa ndugu wawili waliogawana shamba sawasawa wanaweza kuachana mbali kabisa, mmoja ana mshahara na mwingine ana robo ya ngano. Na mtoto wa mwenye kipato kidogo leo ana uwezekano mkubwa wa kubaki palepale alipo baba yake kuliko ilivyokuwa kizazi kilichopita.

Wanawake wamebadilikaje?

Polepole, kuliko kitu kingine chochote hapo kijijini. Mwaka 1957 wanawake waliojua kusoma hawakufika hata mmoja kwa mia. Msichana huolewa nje ya kijiji chake, anakuja kwa watu asiowajua, na mbele ya baba mkwe na wazee wa mume anafunika uso kwa ncha ya sari. Ardhi ni ya wanaume. Sheria ya urithi ya Wahindu ilirekebishwa mwaka 2005 kumpa binti haki sawa, lakini binti anayedai shamba kwa kaka zake ajue hatakuwa na nyumba ya kurudi siku mume akimfukuza. Wengi wananyamaza.

Msomaji mmoja aliuliza kama mahari ya huko ni ghali. Huko yanakwenda kinyume na kwetu: nyumba ya binti ndiyo inayolipa. Sheria ya mwaka 1961 imeyapiga marufuku, na pikipiki zinaendelea kutolewa. Kadiri kijana anavyopata kazi nzuri ya nje ndivyo bei yake inavyopanda, kwa hiyo ule mshahara wa reli unaosifiwa na nyumba moja ni mzigo kwenye nyumba nyingine yenye mabinti watatu.

Kazi zao hazionekani kwenye daftari. Asubuhi mapema mwanamke anachukua samadi ya nyati, anaichanganya na makapi, anaipiga kwa viganja iwe mviringo kama chapati nene, kisha anaibandika ukutani ikauke. Kila moja inabaki na alama ya vidole vyake vitano. Hizo ndizo kuni za mwaka mzima. Anakamua nyati, anakata majani, anapalilia lile shamba la robo ambalo mkataba wake uko kwa jina la mume. Mwanamume akienda Moradabad kazi hizi zinaongezeka, na akiulizwa na karani mke wako anafanya nini, atajibu yuko nyumbani tu.

Uongozi nao una kituko chake. Marekebisho ya katiba yaliyoanza kutumika mwaka 1993 yalitenga theluthi ya viti vya panchayat, yaani halmashauri ya kijiji, kwa ajili ya wanawake. Kaskazini mwa India kumezaliwa cheo kisichoandikwa popote: pradhan-pati, mume wa mwenyekiti. Mke ndiye aliyechaguliwa, mume ndiye anayekalia kiti na kubeba muhuri. Wapo wanawake waliowanyang'anya waume zao huo muhuri, na idadi yao inaongezeka.

Shule ipo?

Shule ya serikali ipo tangu zamani, lakini kwa miaka mingi ilikuwepo kwa jina. Mwalimu asipotokea, wazazi maskini hawana wa kumlalamikia, na wenye sauti walishapeleka watoto kwingine. Chakula cha mchana mashuleni kilileta watoto darasani kote India, na siku hizi hata familia ya kibarua inajibana kulipa ada ya shule binafsi. Wasichana sasa wanasoma. Wanaishia wapi baada ya kusoma ni swali jingine, kwa sababu treni ya kwenda Moradabad alfajiri bado imejaa wanaume.

Serikali inawapa nini wakulima?

Kuna posho ya nafaka: sheria ya usalama wa chakula ya mwaka 2013 inampa mtu wa familia iliyosajiliwa kilo 5 kwa mwezi, na tangu Januari 2023 hailipiwi. Hii inafika, pamoja na manung'uniko ya mizani ya mwenye duka. Kulikuwa na sheria ya mwaka 2005 iliyoahidi kila kaya ya kijijini siku 100 za kazi kwa mwaka, kuchimba mabwawa na kujenga barabara. Mahali pengi ilitegemea mwenyekiti anakupenda kiasi gani.

Tangu 2019 mkulima hupewa rupia 6,000 kwa mwaka kwa awamu tatu, benki moja kwa moja. Ila anayepewa ni mwenye hati. Thakur aliyehamia mjini na kukodisha shamba lake anapata. Anayelilima kwa robo hapati kitu. Hilo ndilo kosa ambalo ningelisahihisha kwanza kama ningeulizwa.

Yale maandamano makubwa ya 2020 yaliwahusu?

Sheria tatu za soko la mazao zilizopitishwa Septemba 2020 ziliwatoa mamia ya maelfu ya wakulima hadi mipakani mwa Delhi, na waliotoka Uttar Pradesh magharibi walipiga kambi Ghazipur. Walikaa mwaka mmoja, na sheria zikafutwa mwishoni mwa 2021. Hofu kubwa ilikuwa kupoteza bei ya chini inayohakikishwa na serikali kwa ngano na mpunga. Mkulima mdogo wa bigha chache mara nyingi hafiki kwenye kituo cha serikali cha ununuzi. Ngano inayobaki baada ya chakula humwuzia mfanyabiashara aliye karibu, kwa bei ya siku hiyo.

Kama kazi ziko mjini, kwa nini wasihamie moja kwa moja?

Wengine wamehama, hasa kwenda Delhi. Lakini fanya hesabu ya anayebaki. Kijijini ana nyumba isiyo na kodi, kadi ya posho iliyosajiliwa hapo, nyati wa maziwa, bigha tano za ngano ya kula, na mama wa kuangalia watoto. Mjini atakuwa na chumba kimoja, na karakana inayoweza kumwambia Ijumaa kwamba Jumatatu asije. Akiachishwa, Palanpur kuna chapati. Mwaka 2020 miji ya India ilipofungwa kwa ajili ya korona, mamilioni ya vibarua waligundua hivyo kwa miguu, wakitembea mamia ya kilomita kurudi vijijini kwao.

Kwa hiyo anaendelea kupanda treni. Baiskeli anaifunga kwenye nondo za dirisha la behewa kwa nje, maana ndani hakuna nafasi, na akishuka Moradabad anaifungua na kukanyaga hadi karakana.